Chupa Mbili za Yangeyange

Kinuyo alikuwa amebakiza vyombo viwili tu vya kufungasha, na vyote viwili vilikuwa vinamsumbua roho.

Miezi sita alikuwa kwenye kazi hiyo. Makumbusho ya ufinyanzi ya Hinokura yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi wa tatu kwa amri ya ofisi ya mji, kwa kuwa kijiji kilikuwa kimebaki na wazee na nguruwe mwitu, na wageni wa mwaka mzima hawakutosha kujaza basi moja. Wakubwa walikuja na suti zao, wakainama, wakasema maneno matamu ya shukrani, wakarudi zao mjini. Kazi yenyewe wakamwachia Kinuyo, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye goti bovu. Mitungi ya mbegu, mabakuli, vyungu vya kuhifadhia majani ya chai, kila kimoja alikipangusa, akawapigia simu wenyewe waje kuchukua mali yao. Wengi hawakupokea. Waliopokea waliuliza kama ni lazima.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kuusema. Chombo chenye sanduku la mbao lililoandikwa kwa mkono wa aliyekifinyanga, na muhuri wake juu, kiende makumbusho ya mkoa. Chenye sanduku lisiloandikwa kirudi kwa mwenyewe. Kisicho na mwenyewe kikasagwe, kikajazie barabara. Hapo Hinokura hakuna aliyeona ajabu. Sanduku ndilo linalosema chombo ni cha nani, chombo chenyewe hakiulizwi.

Viwili vilivyobaki vilikuwa chupa za udongo za kumiminia sake, pombe ya mchele. Zilikuwa za rangi ya hudhurungi iliyoiva, shingo nyembamba, tumbo la kujaa kiganja. Ubavuni mwa kila moja alichorwa yangeyange mweupe amesimama kwa mguu mmoja, na rangi ya majivu ilikuwa imeteremka kutoka begani kama uji uliofurika sufuriani. Ukizipanga pamoja ungesema mapacha. Moja ilikuwa ya Mwalimu Gensai, marehemu, mfinyanzi aliyelipatia bonde lile jina. Kifuniko cha sanduku lake kilikuwa na mwandiko wake mzito na muhuri mwekundu, na chupa yenyewe ilikaa ukumbini ndani ya kioo, chini ya taa. Nyingine ilikuwa ya mwanafunzi wake. Sanduku lake lilikuwa mbao tupu isiyo na wino hata tone, na yenyewe ilikaa stoo, gizani.

Ndivyo walivyoamini watu wote. Kinuyo peke yake ndiye aliyejua kwamba huenda mambo yalikuwa kinyume.

Ilitokea miaka thelathini nyuma, mwezi wa kwanza, wakati ana miezi miwili tu kazini. Alikuwa amezitoa chupa masandukuni zipigwe na hewa kavu ya majira ya baridi, akaziacha mezani juu ya pamba. Alfajiri likapita tetemeko. Alipofika asubuhi alikuta rafu zimelala kifudifudi, masanduku huku, vifuniko kule, na chupa mbili ziko sakafuni katikati ya pamba, hazina hata mkwaruzo. Alilia kwa furaha. Kisha akaziokota, moja kila mkono, na furaha ikamkauka. Hakujua ipi ni ipi. Mkuu wake alikuwa tayari anapanda ngazi, viatu vinasikika. Kinuyo akatia moja kwenye sanduku la Mwalimu, nyingine kwenye sanduku tupu, akafunga kamba. Mkuu akasoma kifuniko, akashusha pumzi, akasema, "Afadhali. Ya Mwalimu imepona."

Basi. Hakuna aliyeuliza tena, na yeye hakusema. Mwanzoni aliogopa kufukuzwa. Baadaye aliona haya. Mwishowe alichoka tu, na kosa likawa kama lile goti lake, kitu cha kuamka nacho.

Lakini leo, ikiondoka chupa moja kwenda mkoani na nyingine kwenda kwa mwenyewe, kosa halitarekebishika tena. Ndiyo maana kwenye mfuko wa aproni alikuwa na bahasha. Ndani yake aliandika mistari mitatu: alichofanya, tarehe, na jina lake. Angempa Bwana Orita, mtaalamu wa mkoa, ambaye gari lake lilikuwa limeshaegeshwa uani na mwenyewe ameenda kula tambi kwenye mgahawa wa darajani. Angerudi saa saba. Kabla hajarudi, kulikuwa na mtu mwingine aliyestahili kuambiwa kwanza.

"Kinuyo! Umelala humo au umekufa?"

"Ningepata nafasi ya kufa ningekuwa nimeshaitumia, Mzee. Karibu. Viatu viache hapohapo."

Aliyeingia alikuwa Mzee Denzo, miaka themanini na mitatu, mgongo umepinda, vidole vimevimba maungio. Yeye ndiye yule mwanafunzi wa Mwalimu Gensai. Kila tarehe mosi ya mwezi, mvua au theluji, alikuwa akija, anasimama mbele ya kioo mikono nyuma, anatazama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, anasema "Haya," anaondoka. Kinuyo alidhani mzee anakuja kumpa heshima mwalimu wake, na kila alipomwona amesimama pale, tumbo lilimkata.

"Nimekuja kuchukua takataka yangu," alisema Denzo, akijishusha taratibu kwenye kiti. "Ingawa sijui nitaipeleka wapi. Binti yangu kule Osaka ameshasema kitu chochote cha udongo kisivuke mlango wake. Ghorofa ya tisa, kabati mbili. Nikifa mimi nachomwa, na chupa inakwenda kusagwa. Tutakuwa unga siku moja, mimi na yeye."

"Mzee, nina jambo."

"Kama ni chai, lete. Kama ni hotuba, mwaka huu nimeshiba."

"Ni kosa. Langu mimi."

Akamweleza. Alieleza akiwa amesimama, mikono ameifungia kwenye aproni, na hakuruka kitu isipokuwa kimoja, ambacho hakukiona kuwa na maana. Alisema juu ya pamba, vifuniko, viatu vya mkuu ngazini. Alisema hajui mpaka leo kama chupa ya kwenye kioo ni ya Mwalimu au siyo. Mzee alisikiliza huku akitazama kile kioo, na alipomaliza akajikuna sikio.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miaka thelathini umekaa na hilo kifuani?"

"Ndiyo."

"Basi wewe mama ni mjinga wa daraja la kwanza. Ungeniuliza mimi."

Kinuyo alimkodolea macho. "Ulikuwa unajua?"

"Nimeikanda mimi, nimeizungusha mimi, nimekaa na moto wake siku tatu bila kulaza ubavu. Nisiijue? Wiki ileile ya tetemeko nilikuja kuona kama mmesalimika, nikaikuta mle ndani imewekwa chini ya taa, na kibao cha Mwalimu mbele yake. Nikajishika ukutani. Ukaniuliza kama nimeumia."

"Na hukusema kitu!"

"Niseme nini? Niseme, samahani, hiyo ni yangu, itoeni kwenye taa mrudishe stoo?"

Hasira ilimpanda Kinuyo ghafla, hasira ya mtu aliyebeba jiwe mlimani kisha akaambiwa njia ilikuwa tambarare. Alikuwa ameacha kwenda kwenye sherehe za wafinyanzi kwa ajili ya jambo hili. Alikuwa amekataa kupandishwa cheo kwenda mjini, kwa kuwa aliogopa atakayemrithi atazitoa chupa na kugundua.

"Ulikuwa unasimama pale kila mwezi," alisema, "na mimi nakufa huku dirishani. Hukuona?"

"Niliona. Nilidhani una shida ya tumbo."

Nje kunguru alitembea juu ya bati la gari la Bwana Orita.

"Lete ile ya stoo," alisema Denzo mwishowe. "Na ufungue kioo. Na ile sake aliyoleta diwani kwa kuwaaga, bado ipo?"

"Mzee, hivi ni vyombo vya makumbusho."

"Makumbusho gani? Umeshang'oa mpaka saa ya ukutani."

Angekuwa na nguvu angebisha. Akazileta zote mbili mezani, akazitilia sake kwa faneli ya jikoni, akaweka vikombe viwili. Denzo alishika kwanza ile iliyotoka stoo, akaimimina. Sake ilitoka vizuri, lakini alipoiinua chupa tone likabaki limening'inia mdomoni, likateremka shingoni, likampita yangeyange tumboni na kulowesha meza. Akaishika ile ya kwenye kioo. Ilimimina, ikainuliwa, ikakata. Mdomo ukabaki mkavu kama haujawahi kuguswa.

"Umeona? Huyo anayetoka denda ndiye Mwalimu," alisema Denzo. "Siku zote alikuwa akidondosha. Mkewe alikuwa anamfungia kitambaa shingoni. Namaanisha chupa."

Kinuyo alicheka bila kutaka. Wakanywa kidogo. Sake ya diwani ilikuwa ya bei rahisi, ikawasha koo.

Kisha mzee akaeleza jambo ambalo kila mtu bondeni alilijua kwa juujuu. Zamani zile, tanuru likifunguliwa, mwanafunzi alichagua kazi yake iliyo bora, akaiweka mbele ya mwalimu pamoja na sanduku jipya lisiloandikwa. Mwalimu akiridhika, anachovya brashi na kuandika kwa mkono wake jina la mwanafunzi kwenye kifuniko. Siku hiyo ndiyo mtu anaitwa mfinyanzi. Denzo aliweka sanduku mbele ya Mwalimu Gensai miaka kumi na moja.

"Kila mara anageuza chombo, ananusa, anasema neno moja. 'Bado.' Hakuna zaidi. Hasemi kasoro iko wapi. 'Bado,' anakwenda kuoga. Hii chupa ilikuwa ya mwisho. Akasema 'Bado,' lakini hakunirudishia, akaiweka kwenye rafu yake mwenyewe. Nikasema moyoni, labda mwaka kesho. Mwaka kesho akafa."

Mjane wake alitoa rafu nzima kwa makumbusho. Denzo akaenda kiwandani kutengeneza mabomba ya maji machafu, miaka thelathini na mitatu, kwa kuwa hapo bondeni hakuna anayenunua chombo cha mtu asiyeandikiwa sanduku na mwalimu wake.

"Nilipoiona mle ndani ya kioo nilijua ni bahati tu," alisema. "Tetemeko limenifanyia mzaha. Sikujali. Niliridhika na mzaha."

"Lakini haikuwa bahati," alisema Kinuyo.

"Unasemaje?"

"Sikuzitia hivihivi tu. Sikujua ipi ni ya nani, na mkuu yuko ngazini. Basi nilizitazama zote mbili, nikasema ya Mwalimu lazima ni ile nzuri zaidi. Nikachukua iliyo nzuri zaidi."

Mzee Denzo aliweka kikombe chini. Kikombe kiligonga meza mara mbili.

"Rudia."

"Nilichukua iliyo nzuri zaidi."

"Ulizitazama zote mbili. Kwa pamoja."

"Moja mkono huu, moja mkono huu."

"Na hukujua."

"Sikujua chochote, Mzee. Nilikuwa na miezi miwili."

Aligeuza uso kuelekea dirishani, na Kinuyo akaona mabega yake yanavyokwenda. Hakumgusa. Alipanguza lile tone la Mwalimu mezani, akalipanguza tena, mpaka mbao ikakauka.

"Basi sikiliza," alisema Kinuyo. "Barua yangu iko hapa. Bwana Orita akirudi nampa. Tunabadilisha masanduku, ya Mwalimu inarudi kwa Mwalimu, na yako tunaandika jina lako waziwazi."

"Halafu inakwenda wapi?"

Jibu walilijua wote. Sanduku aliloliandika mfinyanzi wa mabomba halikuwa kwenye orodha ya mkoa, na kwa binti yake hakuna kabati.

"Chana hiyo barua," alisema Denzo.

"Siwezi. Nimechoka nayo. Nataka niitue kabla sijafunga mlango."

"Umeshaitua. Mwenye mali ni mimi, na umeshamwambia mwenye mali."

"Na Mwalimu je? Chupa yake ya kweli ipotee?"

"Haipotei, naichukua mimi. Nitainywea, na nitaifunga kitambaa."

"Huo ni uongo, Mzee. Kazi yangu ilikuwa moja tu humu ndani, kusema kitu hiki ni nini."

"Sasa sema!" Alimgeukia, macho mekundu. "Kitu hiki ni nini? Kisemee, wewe uliyezishika zote mbili!"

Mlango wa mbele ulisukumwa. Bwana Orita alikuwa amerudi, anapangusa mdomo kwa kitambaa, anaomba radhi kwa kuchelewa dakika nne. Kinuyo alimwaga ndooni sake iliyobaki, akakausha chupa harakaharaka kwa ncha ya aproni, ile isiyodondosha akaisimamisha mbele ya sanduku la Mwalimu.

Bwana Orita alivaa glavu nyeupe. Alianza na kifuniko. Alikitazama kwa kioo cha kukuza, akafuata mwandiko mstari kwa mstari, akapiga picha muhuri mara tatu. "Mwandiko safi kabisa," alisema. "Hauna shaka." Kisha akaishika chupa, akaigeuza mara moja, akasita, akanusa.

"Inanukia kama..."

"Udongo wa zamani huo, bwana," alisema Denzo. "Ukifungiwa sana hunuka hivyo."

"Ahaa." Aliandika hilo. Kisha akainama kwa adabu. "Mzee, nasikia wewe ndiye mwanafunzi wa mwisho wa Mwalimu Gensai aliye hai. Ningefurahi kupata neno lako juu ya chupa hii, liingie kwenye kumbukumbu."

Hapo Kinuyo alishika pumzi. Mfinyanzi wa Hinokura hasifu kazi yake. Anaiita takataka, anaiita kitu cha kuona haya, na akisifiwa anatikisa mkono kama anafukuza nzi. Denzo alikuwa ameiita chupa yake takataka saa moja tu iliyopita, na angekufa akiiita hivyo.

"Andika," alisema mzee. "Ni nzuri."

Bwana Orita alisubiri.

"Shingo imesimama. Bega halina haraka. Mdomo unakata, haudondoshi hata tone. Huyo ndege, ukimtazama unaona kabisa mguu mmoja unamtosha. Aliyeifinyanga alikuwa anajua anachokifanya. Andika hivyo. Alikuwa anajua."

"Maneno ya mwanafunzi mwaminifu," alisema Bwana Orita, na alionekana ameguswa kweli. Akaisogeza fomu mbele ya Kinuyo. Ilisema kwamba chombo na sanduku ni vya mtu mmoja, na mtunzaji anathibitisha. Chini palikuwa na duara la kupiga muhuri.

Kinuyo alitoa muhuri wake mdogo. Ukingo wa bahasha ulimgusa kiganja mfukoni. Alifikiri juu ya ukweli aliokuwa akiutamani miaka yote: kila chupa kwenye sanduku lake, chupa inayodondosha chini ya taa za mkoa, na ile aliyoichagua kwa macho yake mwenyewe imekuwa changarawe chini ya magurudumu ya malori. Alimtazama Denzo. Denzo alikuwa anatazama sakafu, mikono magotini, kama mtu aliyeketi mbele ya mwalimu wake na sanduku jipya.

Akapiga muhuri.

Gari lilipoondoka na chupa na kioo chake, ukumbi ulibaki na vumbi la mraba pale kioo kilipokuwa. Kinuyo alikuwa amengoja ajisikie mwepesi, na hakujisikia mwepesi. Alichana bahasha vipande vinne, akavitia kwenye gunia la karatasi za kuchomwa, akarudi kuketi kwa sababu goti lilikuwa linamuuma.

"Una wino?" aliuliza Denzo.

"Wa nini?"

"Na brashi. Ile ya kuandikia vibao."

Alimletea. Mzee alikuwa ameshamlaza Mwalimu kwenye pamba, ndani ya lile sanduku tupu, na kifuniko amekiweka mapajani. Mbao ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa miaka yote hiyo ya kungoja. Alichovya brashi, akaikung'uta ukingoni, akakaa nayo hewani muda mrefu, vidole vyake vibovu vikitafuta namna ya kuishika. Halafu akaandika neno moja, kubwa, katikati.

Kinuyo aliinama juu ya bega lake akalisoma.

*Bado.*

Kicheko kilimtoka mpaka akajishika kwenye kiti, na machozi yakaja hukohuko kwenye kicheko, asijue aanzie wapi kuyafuta. "Mzee Denzo! Huyo ni mwalimu wako!"

"Ndiyo maana nimetumia mwandiko wangu mzuri," alisema Denzo, akapuliza wino ukauke.